Mtoto wa miezi minne hana jina la ugonjwa: nani alipie dakika za kumsikiliza yeye na mama yake kliniki?

BintiPangani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nimezaliwa Pangani, sasa naishi San Diego, California. Kazi yangu ni mhudumu wa afya ya jamii kwenye kliniki ya watoto. Familia nyingi tunazohudumia ni za wakimbizi, na wamo Wakongomani wengi wanaosema Kiswahili. Ndiyo sababu nikaajiriwa.

Siku moja (nimebadilisha mambo madogo ili mhusika asijulikane) aliingia mama na mtoto wa miezi minne kwa ajili ya chanjo. Uzito mzuri, urefu mzuri, kumbukumbu zote safi. Daktari akamkagua, akaridhika. Mimi nilikaa pembeni kutafsiri, na nilichokiona hakikuwa na kisanduku cha kujazwa popote. Mama alimshika mtoto vizuri, akambadilisha nepi vizuri, lakini hakumtazama usoni hata mara moja. Mtoto naye alishaacha kuutafuta uso wa mama. Alikuwa anaitazama taa ya darini.

Waliosomea watoto wachanga watajua kwa nini nilishtuka. Miaka ya 1970 mtafiti Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao, kisha wakaushe uso kwa dakika chache, wasicheke wala kujibu. Mtoto kwanza hutabasamu, hunyoosha mikono, hupiga kelele, hufanya kila analolijua ili mama arudi. Akishindwa hugeuza uso na kunyong'onyea. Pale maabara mama hurudi baada ya muda mfupi na mambo yakaisha. Huyu wa kwetu alikuwa ameishi na uso uliokauka kwa wiki na wiki, kwa sababu mama yake alikuwa na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka) tangu kujifungua na hakuna aliyejua.

Nilimnong'oneza daktari, akanielewa. Mlango wa tatu kwenye korido hiyohiyo anakaa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto wadogo. Aliitwa, akaja palepale, akakaa sakafuni kwenye mkeka wa kuchezea pamoja na mama na mtoto, mimi nikitafsiri. Walikutana mara saba kwa jumla. Mara ya nne mtoto alicheka kwa sauti na mama akalia.

Sasa swali langu ni la fedha. Mshahara wa yule mtaalamu unatoka wapi?

Miaka mingi jibu lilikuwa: kwa mfadhili. Taasisi fulani inatoa ruzuku ya miaka miwili au mitatu, kliniki inaajiri mtu, akina mama wanamzoea, ruzuku inakwisha, mtu anaondoka. Nimeyaona hayo kwenye kliniki niliyofanya kazi kabla ya hii. Bima haikuweza kuziba pengo kwa sababu ya namna inavyolipa. Kila huduma ina namba yake, na namba ya matibabu ya akili kwa kawaida haipiti mpaka ifuatane na jina la ugonjwa wa mgonjwa. Mtoto wa miezi minne utamwandika ana ugonjwa gani? Mwenye sonona ni mama, lakini mama hayumo kwenye faili la daktari wa watoto. Pengine bima yake ni nyingine, pengine hana kabisa. Kilichoharibika kiko kati ya watu wawili, na bima inamjua mtu mmojammoja.

California walikifungua kifundo hiki tarehe 1 Januari 2023. Medi-Cal, tawi la jimbo hili la Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), ilianza kulipia huduma kwa mzazi na mtoto wakiwa jozi. Mtoto halazimiki kuwa na jina la ugonjwa. Mzazi anaweza kuulizwa kuhusu sonona, ulevi au mateso ya utotoni mwake, akapewa ushauri, na ankara ikapita kwenye kadi ya mtoto hata kama mzazi mwenyewe hana Medi-Cal, maadamu huduma ni kwa faida ya mtoto. Waliouandaa utaratibu huu waliutazama mpango wa HealthySteps, ulioanza miaka ya 1990 na sasa uko chini ya shirika la ZERO TO THREE. Mpango huo humweka mtaalamu wa makuzi ndani ya kliniki ya watoto, kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu.

Kwa nini kliniki? Kwa sababu mtoto wa Marekani, kwa ratiba ya madaktari wa watoto wa huko, huletwa akiwa na siku 3 hadi 5, kisha mwezi 1, miezi 2, 4, 6, 9, 12, 15, 18, 24 na 30. Shule bado haijamjua. Ustawi wa jamii hawamjui mpaka jambo liharibike. Daktari wake tu ndiye anayemwona mara zote hizo. Na Medicaid, iliyopo tangu 1965, hulipia takriban uzazi 4 kati ya 10 nchini humo. Kwa hiyo mlango upo na mlipaji yupo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kulipia mazungumzo kabla ya ugonjwa.

Kwetu Tanzania nako mlango upo: kadi ya kliniki, mizani ya kuning'inia, wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18. Mama anakuja mwenyewe kwa miguu yake. Dakika za kumwuliza "na wewe mwenyewe unalala?" nani anazilipia? Wenye uzoefu karibuni.

Mzee Kigoda

Marahaba binti yangu. Nimesoma mpaka mwisho na naamini ulichokiona. Ila niseme linalonikera. Nimelea watoto saba na sasa nalea wajukuu. Mke wangu alipojifungua hakuachwa peke yake hata saa moja. Mama yake alihamia kwetu, akamkanda kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, mtoto akapita mikono kumi kwa siku. Hakuna aliyejaza dodoso. Huko mliko familia zimevunjika, kwa hiyo wananunua kwa dola kile ambacho sisi tulipewa bure. Sasa mnataka tukiweke kwenye bajeti ya serikali, wakati zahanati hata glovu hazitoshi? Fedha hiyo inunue dawa.

Nesi wa Kliniki

Shikamoo Mzee. Dada BintiPangani, ahsante kwa uzi, umeandika kama ulikuwa chumbani kwangu.

Niko zahanati ya kijijini, mkoa nisiutaje. Siku ya kliniki tunapokea akina mama 70 hadi 90. Tuko wawili, na mwenzangu akiitwa semina nabaki peke yangu. Pima, andika, choma sindano, jaza rejista, jaza kitabu kingine, mwite anayefuata. Ukigawanya muda ni kama dakika nne kwa mtoto, na hapo sijanywa hata maji.

Mafunzo ya malezi nilipata. Ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, inasimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (mlezi kumsikia mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Nayaamini yote matano. Lakini angalieni kila moja limepewa nini pale zahanati. Afya imepewa chanjo na jokofu. Lishe imepewa mizani na matone ya vitamini A. Malezi yenye mwitikio yamepewa bango ukutani.

Kuna mama mmoja mtoto wake alikuwa kwenye rangi ya kijani kila mwezi, mara akaanza kushuka. Nikamhubiria lishe: mayai, dagaa, karanga, mboga za majani. Mwezi uliofuata kashuka tena, nikahubiri tena. Mwezi wa tatu akaniangalia akasema, "Nesi, chakula kipo. Sina hamu ya kumpikia." Nilikaa kimya. Miezi mitatu nilikuwa natibu sufuria, na ugonjwa ulikuwa kwa mpishi. Na hata pale sikujua nimpeleke wapi. Nilimshika mkono tu, kisha nikamwita anayefuata kwa sababu foleni ilikuwa inanung'unika.

Kwa hiyo Mzee, dawa ninazo, zile chache. Kilichonishinda siku ile kilikuwa robo saa.

BintiPangani (mleta mada)

Nesi, hilo la mpishi nitaliweka moyoni.

Mzee wangu, kuhusu bibi tuko pamoja kabisa. Pangani mwanamke akijifungua anakaa ndani siku arobaini, anakandwa, anafungwa tumbo, anapikiwa, na wanawake wazima wanampokea mtoto ili alale. Nadhani hakuna kliniki ya Marekani iliyowahi kubuni kitu kizuri kuliko hicho. Ila naomba nilikatae neno moja: "bure". Mama mkwe wako alipohamia kwako, shamba lake lililimwa na nani? Kuku wake walilishwa na nani? Alilipa yeye, kwa msimu wake na kwa mgongo wake, na kwa vile hakutoa risiti tukasema hakuna gharama.

Sasa mchukue binti aliyepanga chumba kimoja Mbagala. Mume ni bodaboda, anatoka alfajiri anarudi usiku. Mama yake yuko Kasulu, na nauli ya kuja Dar haipo, au ipo lakini ndiye anayelea wajukuu wengine. Au mchukue mama ninayemtafsiria hapa, aliyezaliwa Kivu, akakulia kambi ya Nyarugusu, akaletwa San Diego, na bibi wa kumkanda kabaki kambini. Familia hizi zilitenganishwa na vita na umaskini, wala hazikuacha mila kwa kiburi. Kazi ya bibi bado iko palepale inangoja, na mtu wa kuifanya hayupo. Nikisema "bajeti" namaanisha kumtafutia mtu wa kuifanya kazi hiyo na kumlipa.

Hesabu254

Hamjambo wote. Mimi ni mhasibu, nimefanya kazi upande wa afya kwenye kaunti moja hapa Kenya. Niongeze la kiuhasibu, maana huku ndiko mawazo mazuri hufia.

Anayelipa na anayefaidi ni watu wawili tofauti. Wizara ya Afya ikiajiri mtu wa kukaa na akina mama, gharama inaonekana mwaka huuhuu kwenye vitabu vyake. Faida inakuja baadaye, na inaingia mifuko ya wengine: shule inapata mtoto anayetulia darasani, polisi wanapata kijana asiyeshikwa, mwajiri anapata mama anayefika kazini. Hakuna hata mmoja wao atakayeandika hundi kumrudishia Waziri wa Afya. Ndiyo maana kila mara wafadhili wanaanzisha na serikali inashindwa kupokea.

Watu hujibu kwa kumtaja James Heckman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000, na hesabu yake ya faida ya asilimia 7 hadi 10 kwa mwaka kwa fedha inayowekezwa kwa watoto wadogo. Hesabu hiyo naiheshimu, lakini ilitoka Perry Preschool, shule ya awali ya Michigan miaka ya 1960, watoto 123, walimu wenye shahada, na ziara za kila wiki nyumbani. Ukiichukua namba hiyo ukaibandika kwenye zahanati ya Nesi, mkurugenzi wa fedha akikuuliza maswali mawili tu utaanguka. Tujenge hoja kwa mambo yetu wenyewe.

Kwetu Kenya, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima hiyo, tarehe 1 Oktoba 2024 na ikaja na mifuko mitatu. Ule wa bima unategemea michango, asilimia 2.75 ya mshahara kwa walioajiriwa, na unalipa zaidi mtu akishaumwa. Mama wa kibarua aliyechelewa kuchangia atarudishwa dirishani. Kwa hiyo mimi ningeweka huduma hii kwenye Mfuko wa Afya ya Msingi, unaolipiwa na hazina, ambao mwananchi anaufikia kituo cha chini bila kuulizwa kama amechangia. Na ningelipa kwa kichwa cha mtoto aliyesajiliwa, kiasi kwa mwaka. Nasema hivyo kwa uzoefu: ukilipa kwa kila dodoso, utapata madodoso. Nimeyaona marundo yamejazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, saa kumi jioni.

Dada, nasikia California walilipa dola 29 kwa kila dodoso. Mama akishajibu, nini kilifuata?

Mama Furaha

Nitamjibu ndugu Hesabu mimi, maana nilikaa upande wa pili wa hiyo karatasi.

Mimi ni wa Bukavu. Nilifika Amerika na mimba ya miezi saba, jimbo lingine, si California. Mtoto akiwa na mwezi mmoja, kliniki ilinipa maswali kumi kwa njia ya mkalimani wa simu. Yule mkalimani alisema neno "sonona". Kwetu Bukavu neno hilo sikuwahi kulisikia. Nilifikiri ni ugonjwa ambao mtoto wangu anao, nikaanza kutetemeka. Sisi tunasema "niko na mawazo mengi", tunasema "roho inaniuma". Angesema hivyo ningeelewa.

Kisha likaja swali la kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Nilikuwa nimefikiria. Lakini kanisani walikuwa wametuonya kwamba huku ukisema una matatizo ya kichwa wanakupokonya mtoto. Nikajibu hapana, hapana, hapana, mpaka mwisho. Muuguzi akatabasamu, akaandika niko mzima. Kliniki bila shaka ililipwa kwa yale maswali. Mimi nilikaa miezi minane kwenye giza.

Aliyenitoa ni mama mmoja wa Uvira aliyeajiriwa pale kliniki kama BintiPangani. Hakuniuliza lolote la karatasi. Alikuja nyumbani na sombe (kisamvu), akakaa jikoni, akasema, "Mimi nilipozaa wa kwanza nililia siku sitini." Hapo nikaanza kusema. Kwa hiyo kama mnapanga fedha, mlipeni huyo mama wa sombe kwanza, na karatasi zije nyuma.

Fundi Rama

Naomba kuuliza kitu kimoja. Uzi mzima ni mama, mama, mama. Mimi mke wangu alipojifungua nilikuwa sijui nifanye nini, nilikaa nje kama mlinzi. Nikienda kliniki nesi ananiambia "baba subiri kule". Hiyo ankara ya jozi, baba anaingia?

BintiPangani (mleta mada)

Fundi, anaingia. Utaratibu unasema mzazi au mlezi. Awe baba, bibi, shangazi, mama wa kulea, yeyote anayemlea mtoto. Tunao akina baba wanaokaa kwenye ule mkeka, na kaka zangu wa Kikongomani wakishakaa mara moja hawataki kuondoka.

Mama Furaha, pole dada, na ahsante kwa ujasiri wa kuandika. Habari ya kupokonywa mtoto naisikia kila wiki. Sasa kabla ya swali la kwanza namweleza mama majibu yake yanakwenda wapi na nani atayasoma. Inachukua dakika tano, na dakika hizo tano ndizo zinazofanya majibu yawe ya kweli. Hata huku hazina namba ya malipo. Angalau kazi ya watu kama mimi imeanza kutambuliwa: Medi-Cal inalipia huduma za wahudumu wa afya ya jamii tangu tarehe 1 Julai 2022.

Ndugu Hesabu, umeuliza vizuri. Dola 29 ni kweli, zilianza Januari 2020, kwa dodoso la mateso ya utotoni. Asili yake ni utafiti wa Felitti na Anda ulioanza kuchapishwa 1998, uliofanyika hapahapa San Diego kwa watu wazima zaidi ya 17,000 wa Kaiser Permanente, shirika la bima na matibabu. Ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopata mateso ya aina nyingi utotoni ndivyo magonjwa ya moyo, ulevi na sonona yalivyomwandama ukubwani. Nia ilikuwa njema. Lakini huduma ya jozi ilikuja miaka mitatu baadaye, kwa hiyo kwa muda wote huo kliniki nyingi zilikuwa na fedha ya kuuliza na hazina fedha ya kujibu. Kwa mtazamo wangu walianza nyuma mbele.

Chanzo cha fedha zile nacho kinanipa mawazo. Zilitoka kwenye kodi ya tumbaku iliyopigiwa kura mwaka 2016, dola 2 kwa pakiti. Kabla yake, mwaka 1998, wananchi wa California walipitisha kodi ya senti 50 kwa pakiti kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka mitano. Ilikuwa busara, na imejenga mambo mengi. Ila watu wakiacha kuvuta, jambo ambalo sote tunaliombea, kisima cha watoto kinakauka. Na mwaka 2025, tarehe 4 Julai, ilisainiwa sheria ya shirikisho ambayo ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani imekadiria itapunguza fedha za Medicaid kwa zaidi ya dola bilioni 900 katika miaka kumi. Jimbo likibanwa, huduma isiyo na sindano wala dawa ndiyo ya kwanza kutazamwa kwa jicho la kisu. Siwezi kuwadanganya kwamba huku tumeshafika.

Kwa hiyo Nesi, nisingependa uige California yote. Uige lile moja: kumlipia mtoto na mlezi wake pamoja, kabla ugonjwa haujapata jina. Kwa upande wa mtu wa kuifanya kazi, kuna mfano ulio karibu na hali yako. Rawalpindi, Pakistan, vijijini, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa kijiji, wanawake ambao tayari walikuwa wanatembelea wajawazito, namna ya kuzungumza na mama mwenye sonona. Ziara 16, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba. Matokeo yalichapishwa 2008: mtoto alipofikisha miezi sita, akina mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wakati kundi lililotembelewa bila mafunzo hayo walikuwa asilimia 53. Uzito na urefu wa watoto haukutofautiana, niseme ukweli. Lakini kuhara kulipungua na chanjo zilikamilishwa zaidi. Hizo ni namba ambazo Wizara ya Afya inazivuna yenyewe, mwaka uleule, kwenye rejista yake. Ndugu Hesabu, nadhani hapo tatizo lako la mifuko linapungua.

Hesabu254

Linapungua kweli. Kuhara na chanjo ni lugha ambayo mkurugenzi anaielewa bila mkalimani. Nesi, kuna fedha yoyote ambayo kituo chenu kinaamua chenyewe, au kila kitu kinatoka juu?

Nesi wa Kliniki

Ipo kidogo. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na mpango wa kituo unapita kwenye kamati ya wananchi. Mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo mapendekezo yanaandikwa mapema. Hatujawahi kuandika mstari wa kitu kama hiki. Tunaandika gesi ya jokofu, usafi, mafuta ya pikipiki ya huduma za mkoba.

Halafu kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa nao zaidi ya 137,000. Wa kijiji chetu ni binti mwelewa, akina mama wanampenda. Nimewaza hivi baada ya kusoma uzi huu: siku ya kliniki akae nje chini ya mwembe kwenye mkeka, foleni ipite kwake kabla ya kufika kwangu. Aulize mambo mawili tu: wiki mbili hizi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Ambaye amejibu ndiyo, asirudi kwenye foleni, akae naye. Kwenye mpango niombe posho yake ya siku hizo, mkeka, na nauli ya mama anayehitaji kupelekwa hospitali ya wilaya.

Naogopa kitu kimoja. Nikipata kumi kwa siku, nitawaweka wapi?

BintiPangani (mleta mada)

Hofu hiyo ni ya haki. Kabla ya kuuliza hata mama mmoja, nenda wilayani ukaonane na mratibu wa afya ya akili, mpatane siku gani atampokea mtu uliyemwandikia, na kwa aliyefikiria kujidhuru mpatane namba ya kupiga saa hiyohiyo. Kama mlango huo haupo, anza na kuudai huo. Nimeona madhara ya kuuliza halafu kumwacha mtu na jibu lake mkononi.

Kwa wale wengine, walio wengi, wanachohitaji ni mtu wa kurudi kwake. Hapo namkumbuka Mzee. Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alipokosa wataalamu na vyumba alianza, mwaka 2006, na bibi 14 wa Mbare waliokuwa tayari wakijitolea kwenye afya ya jamii. Wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza kwa utaratibu waliofundishwa. Jaribio lao la kitabibu lilichapishwa 2016, na waliopita kwenye benchi walipungua dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mzee Kigoda

Nimesoma yote tena leo asubuhi na miwani. Hilo la shamba la mama mkwe limenikaa. Ni kweli msimu ule mahindi yake yaliliwa na nyani, na hakuna aliyemrudishia.

Mke wangu ana miaka 68, amewapokea wajukuu kumi na mmoja, na tangu wa mwisho aanze shule nyumba imekuwa kimya. Nimemsomea habari ya hao bibi wa Harare. Ameniuliza kama wanafundishwa siku ngapi na kama anayejua kusoma kidogo anakubaliwa. Ninyi mnaojua, mjibuni. Na nauli msimsahau, kutoka kwetu mpaka zahanati ni pikipiki kwenda na kurudi.

Nesi wa Kliniki

Mzee, mwambie bibi kusoma kidogo kunatosha, maswali ni mawili na atayashika kwa kichwa. Mafunzo nitayaulizia kwa mratibu wiki ijayo nikienda kuchukua chanjo. Nauli ya bibi nimeiandika kwenye rasimu ya mpango, chini ya posho ya mhudumu; mganga mfawidhi ameisoma, akauliza ni ya nini, nikamweleza habari ya yule mama na sufuria. Amesema tuipeleke kwenye kamati Alhamisi.